Wifi anatangaza vidonge vya uzazi ni feki, na mimi najua alivyokuwa anavimeza

Shangazi shikamoo.

Mimi ni dada wa miaka 27, naishi Ujiji hapa Kigoma, nashona nguo, nimeolewa na nina watoto wawili. Jina naomba ulifiche mana huku watu wanasoma kila kitu.

Iko hivi shangazi. Kaka yangu ni mvuvi wa dagaa, anatokea Kibirizi. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi kwenye giza, mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki ndo wanarudi nyumbani kupumzika na kushona nyavu mpaka giza liingie tena. Mke wake, wifi yangu, ana watoto wanne na wa mwisho ana mwaka na kidogo, hakutaka mwingine kwa sasa, akaenda zahanati wakampa vidonge vya uzazi wa mpango. Juzi kapima ana mimba.

Alilia sana na mimi nililia nae, mana najua anavyohangaika na wale wanne. Ila badala ya kurudi zahanati kuuliza, akaingia TikTok akajirekodi analia, anasema vidonge vya bure vya serikali ni feki, wanawake wa Kigoma tumefanywa watu wa majaribio, akaweka picha ya pakti na picha ya nesi aliyempa. Ile video ilitembea shangazi, mpaka ndugu zetu wa Kasulu wameipata. Saivi kuna grupu la WhatsApp la wanawake wengi tu, wanajiita wanaharakati, na ajenda yao ni moja, tupa vidonge, toa kijiti, kataa sindano. Afu kwenye komenti wamekuja na wadada wengine wa mijini huko, nao wanajiita wanaharakati, wao kazi yao ni kututukana, eti washamba hata kumeza dawa hawajui, eti zaeni tu. Yaani pande zote mbili ni kelele na hakuna hata mmoja aliyeeleza hivyo vidonge vinafanyaje kazi.

Sasa shida yangu. Mimi najua wifi alikuwa anamezaga vidonge kaka akiwa nyumbani tu. Aliniambia mwenyewe siku tunachambua dagaa, akasema nimeze vya nini wakati mtu mwenyewe yuko majini, si nachosha mwili bure. Na ile picha ya pakti aliyoposti nimeikuza kwenye simu, inaonekana kabisa, juu vimetobolewa vichache, katikati vimekaa tu, huku chini vile vya rangi ya kahawia navyo vimetobolewa. Yaani ushahidi kauweka mwenyewe na watu wamelaiki bila kuangalia.

Mimi nina kijiti mkononi, kile cha miaka 3, nina miezi michache nacho na natokwa na matone matone ya damu, nikaanza kuogopa. Kwenye grupu wananiambia nikitoe niposti picha ya mkono kuwapa moyo wenzangu. Kuna mama mmoja ameshatolewa cha kwake na muuza duka la dawa kwa wembe, mkono umevimba na anaumwa. Nikikaa kimya naonekana msaliti, nikisema ninachojua namuaibisha wifi yangu mbele ya watu, na kaka mwenyewe hata hajui kama mke wake alikuwa anameza vidonge, ana simu ya kitochi ila atasikia tu vijiweni.

Na shangazi mimi sio mtu wa kupinga harakati. Mabinti waliopata mimba walipokuwa wanadai kurudi shule mimi nilishea sana. Ila hii naona inaniumiza. Je harakati za mtandaoni zina maana yoyote au ni kupoteza bando tu? Kijiti changu ni salama? Na wifi nimwambieje?

Mimi mwanao, Ujiji.

*

Marahaba mwanangu.

Kabla ya yote, huyo mama mwenye mkono uliovimba. Ukimaliza kusoma hapa mpigie simu, aende kituo cha afya leo leo, asisubiri kesho. Wembe wa dukani unaweza kumpa usaha, hata tetanasi, na kuna uwezekano kijiti kimekatika kipande kikabaki ndani. Asione aibu, akifika aseme tu nilitolewa vibaya naomba msaada. Kama hana nauli mchangieni humo humo kwenye grupu.

Haya tuje kwa wifi yako. Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto miaka mingi na hiki kitu cha kumeza mume akiwepo nimekisikia kwa wake wa wavuvi, wa madereva wa malori, wa askari, wa wafanyabiashara wanaozunguka minadani, wala sio ujinga, ni mtu amepewa dawa bila maelezo akatumia akili yake mwenyewe kujaza pale palipobaki wazi. Akawaza hivi, mimba inatokana na kulala na mume, kwahiyo dawa ni ya siku za kulala na mume. Ukiangalia kwa haraka inaleta maana. Ila kidonge hakifanyi kazi hivo. Sio kama panadol kwamba unameza kichwa kikiuma.

Iko hivi. Kila mwezi ubongo unatuma ujumbe kwenye vifuko vya mayai, kwa kutumia homoni, yai moja linapevuka na kutoka. Likishatoka linaishi kama saa 12 mpaka 24 tu. Ila mbegu za mwanaume zinaweza kuishi ndani ya mwanamke mpaka siku 5, zinalisubiri. Kidonge kinaleta homoni za kuutuliza ule ujumbe ili yai lisitoke kabisa, na pia kinafanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito mbegu zisipenye. Sasa utulivu huo unashikiliwa na kidonge cha kila siku, ukikosa siku moja bado upo, unameza mara ukikumbuka unaendelea, ila ukiacha siku kadhaa mfululizo vifuko vinaamka na yai linaweza kupevuka. Na ukianza upya katikati ya mzunguko unahitaji kumeza siku 7 mfululizo ndo kinga ikae sawa, hizo siku zote mtumie kondomu.

Hesabu sasa na maisha ya kaka yako. Anatoka majini mwezi umekuwa mkubwa, wifi anaanza kumeza siku hiyo hiyo, siku za kwanza hana kinga yoyote na ndo hizo hizo mume amekaa muda mrefu hajamuona mke wake, kinga inaanza kukaa sawa na mume anarudi ziwani, yeye anaacha kumeza, mwili unaamka. Mwezi unaofuata vilevile. Kwa mtindo huo kushika mimba ni suala la muda tu, hata vidonge viwe vizuri namna gani.

Na ile pakti uliyoikuza umefanya vizuri kuiangalia, mana wengi wanashea kitu ambacho hata hawajakitazama. Pakti inayotolewa kwenye zahanati zetu ina vidonge 28. Vile 21 vyeupe ndo vina homoni, vile 7 vya kahawia ni madini chuma, vimewekwa ili mama asipoteze mazoea ya kumeza kila siku na aongeze damu kidogo siku zake zikiwa zinatoka. Kwahiyo kama kuna siku wifi alitoboa vile vya kahawia akajua amejikinga, siku hiyo amemeza madini chuma basi. Hii mtu angemwambia kwa dakika mbili tu, pale dirishani, na pakti mkononi.

Mwambie pia, na hili umwambie mapema kabla hajaanza kujitia hofu nyingine, kwamba vile vidonge alivyomeza akiwa tayari mjamzito havimdhuru mtoto tumboni. Aache kumeza, aende kliniki ya wajawazito mapema, kabla wiki 12 hazijapita ndo vizuri zaidi.

Sasa harakati. Umeniuliza maoni yangu na nakupa. Mimi naziamini harakati za mtandaoni, siwaungi mkono wanaosema ni kupoteza bando. Mwanamke wa Ujiji ambaye zamani angelalamikia jikoni kwake saivi anasikika mpaka Dodoma, hiyo ni nguvu kubwa na tusiikubali kunyang'anywa. Hilo la mabinti kurudi shule ulilolishea, tarehe 24 Novemba 2021 ndo serikali ilitangaza wanaruhusiwa, na aliyetangaza ni Profesa Joyce Ndalichako, wakati ule akiwa waziri wa elimu na mbunge wa hapo hapo Kasulu Mjini. Watu walipiga kelele miaka kwa miaka mpaka hapo. Na mwangalie Rebeca Gyumi, yule mwanaharakati wa haki za wasichana, alienda Mahakama Kuu kupinga kifungu cha 13 na cha 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vile vilivyoruhusu binti aolewe na miaka 15, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Akashinda 2016, serikali ikakata rufaa, tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema uamuzi ubaki vilevile. Mitandaoni tulimshangilia sana na ilisaidia nchi nzima kujua, ila pale mahakamani alishinda kwa sababu alikuja ameisoma sheria kifungu kwa kifungu, anajua inafanyaje kazi na inaumiza wapi.

Ndo ninachokidai kwa kila anayejiita mwanaharakati, wa Kigoma na huyo wa mjini. Ukiwaambia watu waandamane au wasaini barua, ukikosea mnaaibika mnarudi nyumbani. Ila ukimwambia mwanamke mwenzako atoe kijiti, ukikosea wewe anayebeba mimba ni yeye, na kwenye mikoa yetu hii mama mwenye watoto watano na wa mwisho hajafikisha miaka miwili akishika mimba nyingine ni hatari ya kweli, upungufu wa damu, kutoka damu nyingi wakati wa kujifungua, tumewazika wanawake kwa hayo. Kwahiyo kabla hujaposti kitu kinachomtaka mtu afanye jambo kwenye mwili wake lazima ujue hicho kitu kinafanyaje kazi, sio kusikia, kujua. Na hao wadada wanaotukana washamba kwenye komenti nao wamekosa kabisa, mana kama unajua kidonge kinavyofanya kazi halafu badala ya kumueleza mwenzako aliyebeba mimba asiyoitaka unamcheka, hiyo elimu yako inamsaidia nani? Wamewafanya wanawake wa lile grupu wakaze msimamo zaidi, mtu akitukanwa hasikilizi tena.

Tena hofu ya watu ina chanzo. 2018 kiongozi mkubwa wa nchi alisema hadharani watu waache uzazi wa mpango, na mwezi huohuo matangazo yake kwenye redio na TV yakasimamishwa. Mtu amekaa hasikii maelezo kutoka sehemu yoyote rasmi, siku akisikia video ya mama analia ataiamini ile video.

Na kuna hasira za haki kabisa ambazo hilo grupu lingezishika. Mama anafika zahanati anakuta njia aliyoitaka imeisha. Mama anapewa pakti bila maelezo. Mama anaambiwa akaje na mume kwanza, wakati hapaswi kudaiwa kibali cha mume. Mama anaenda kutolewa kijiti anazungushwa, njoo kesho, njoo keshokutwa, ndo mana wengine wanaishia kwa muuza duka na wembe. Hayo yaposti, nitashea na mimi. Ila yapeleke pia kwa mganga mfawidhi, kwa kamati ya afya ya zahanati, kwa mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya. Na kama kuna mtu ana shaka ya kweli kwamba dawa ni feki, asitupe pakti, aitunze, aangalie tarehe ya kuisha na namba ya toleo iliyopigwa pembeni, apeleke taarifa TMDA, ile Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wao ndo wana maabara ya kupima.

Kijiti chako. Hicho kimoja cha miaka 3 kina homoni ya aina moja tu, inatoka kidogo kidogo kila siku, inazuia yai lisitoke na inafanya ute uwe mzito. Uzuri wake hakihitaji ukumbuke kitu ndo mana kwa mwaka mzima kati ya wanawake 100 wenye kijiti hata mmoja hafiki kushika mimba, wakati wa vidonge, kwa jinsi watu wanavyomeza na kusahau kawaida, wanafika kama 7. Matone matone miezi ya mwanzo ni kawaida kabisa, ule utando wa ndani ya kizazi umekuwa mwembamba na unabanduka kidogo kidogo bila ratiba. Wengine damu inakata kabisa na wanaambiwa inarundikana tumboni, hapana, hakuna damu iliyojificha, utando haujajengeka kwahiyo hakuna cha kutoka. Hakitembei kwenda kwenye moyo, kipapase utakikuta palepale chini ya ngozi ya mkono. Na siku ukitaka mtoto kikitolewa uwezo unarudi mapema. Anayechelewa ni wa sindano ya miezi 3, yeye anaweza kukaa miezi kadhaa hata mwaka kabla ya kushika mimba, sio ugumba, ni dawa inachelewa kuisha mwilini, na ilipaswa aambiwe kabla hajachomwa.

Sikwambii kwamba hakuna maudhi, yapo, kichwa kuuma, uzito, hamu kubadilika, na mwanamke akisema hii njia imenishinda asibishiwe, abadilishiwe. Kuna kitanzi cha kopa kwa mfano, hakina homoni kabisa, kinakaa miaka 10 na zaidi. Wewe rudi zahanati useme natokwa na matone, kuna dawa ya kuyapunguza. Ila damu ikiwa ya kulowanisha pedi moja baada ya nyingine, au maumivu makali chini ya kitovu, nenda bila kusubiri. Na ukianzishiwa dawa za TB au za kifafa, au kama unatumia ARV, mwambie mhudumu una kijiti, baadhi ya dawa hizo zinapunguza nguvu yake.

Picha ya mkono usiposti. Mwili wako haudaiwi na grupu lolote.

Sasa kumwambia wifi. Usimwambie kwenye grupu na usimtumie voisi, voisi inasambazwa. Nenda kwake, na pakti mkononi kama bado anayo, muanze na habari ya mtoto kwamba yuko salama, afu mueleze habari ya siku 7 na vile vya kahawia kama nilivyokueleza hapa, polepole, na umwambie kosa la kwanza ni la aliyempa bila kumueleza. Ninavyowajua wanawake atalia tena. Muache alie. Ukiona ametulia ndo umuombe vitu viwili. Cha kwanza picha ya yule nesi aitoe leo, mana amemuweka mbele ya watu kama muuaji wakati alichokosa ni kutoa maelezo, na kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 yenye kifungu cha kusambaza taarifa za uongo, sitaki mwenye mimba aitwe polisi. Cha pili arekodi video nyingine mwenyewe, kwa mdomo wake, aseme nilikuwa nameza mume akiwepo tu na hakuna aliyeniambia. Asimtaje mtu. Video hiyo itawafikia wake wote wa wavuvi wa Kibirizi mpaka Kalya, nakuhakikishia kuna wengi wanameza hivohivo leo, na hakuna bango la wizara litakaloeleweka kwao kama sura ya mwenzao.

Akikataa kurekodi usimlazimishe. Hapo wewe andika kwenye grupu maelezo ya kidonge na kijiti bila kumtaja, bila kuonyesha kwamba unamjibu mtu, na waalike mkutane ana kwa ana na muuguzi wa kliniki, wapo wanaopenda kufundisha ukiwaomba vizuri. Wakikutoa kwenye grupu acha wakutoe, watakaokufuata pembeni kukuuliza ndo uliokuwa unawaandikia.

Kaka yako aambiwe na mke wake, sio na wewe na sio na kijiwe, na aambiwe kabla ya mwezi mkubwa ujao kama inawezekana. Uwepo karibu tu siku hiyo, dada wa mume anaweza kutuliza mambo kabla hayajawa makubwa. Na mtoto akishazaliwa, yeye na mumewe waende pamoja wachague njia isiyotegemea kumeza kila siku.

Niandikie ulivyofika kwa wifi, na huyo mama wa mkono nijulishe amefikia wapi.

Shangazi yako.